Picha Mia Tisa za Kidole Gumba

Simu yangu ina nafasi tele sasa. Nikiingia kwenye mipangilio naona ule mstari wake: kipande kidogo cha bluu, halafu weupe mtupu hadi mwisho. Zamani ulikuwa mwekundu mpaka ukingoni na nilikuwa nautukana. Leo ule wekundu ningeupokea kwa mikono miwili.

Niseme kazi kwanza, maana bila kazi hamtaelewa.

Tunatengeneza mapazia. Mama anashona, mimi na mjomba tunapima madirisha na kutundika. Mjomba ni kaka yake mama, kampita miaka sita, hakuwahi kuoa, anakaa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Mimi nalala chumba cha nyuma pamoja na majora ya vitambaa. Aliniita Chapchap tangu sijaota meno ya ukubwani, na hakuwa ananisifu.

Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na tano. Sitaki kuisingizia ada, ada ilikuwepo. Nilichoka kukaa. Makalio yangu na benchi hayakuelewana. Na namba zilikuwa zinanicheza: nasikia sita, mkono unaandika tisa. Mwalimu alidhani nafanya makusudi.

Basi mwezi wangu wa kwanza kazini, tuko kwa nesi mmoja mstaafu. Mimi juu ya ngazi, nimeng'ang'aniza ncha ya tepu kwenye bomba la pazia. Mjomba kapiga magoti chini, kabana tepu kwa kidole gumba pale pazia litakapoishia, anasoma: "Mia na tisini na sita." Nikashuka, nikaandika kwenye kikaratasi mia na sitini na tisa. Mama akakata vilevile. Tulipokwenda kutundika, pazia liliishia juu ya goti. Nesi akaliangalia, akatuangalia sisi.

"Jamani, mmenishonea pazia au kaptula?"

Njiani kurudi nilikuwa nasubiri matusi. Mjomba kabeba ngazi begani, anatembea tu. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani akasema, "Hiyo simu yako si inapiga picha?"

"Inapiga."

"Kuanzia kesho usiandike. Mimi nikibana kidole kwenye namba, wewe piga picha. Picha haikosei."

Ndivyo tulivyofanya kazi miaka mitano. Napanda, nachomeka ncha, nashuka. Yeye magotini, kidole gumba kwenye tepu, anataja namba kwa sauti, halafu anasema neno moja: "Piga." Napiga. Dirisha linalofuata. "Mia mbili na thelathini. Piga." "Mia na arobaini na moja na nusu. Piga, Chapchap, magoti yangu si ya serikali." Usiku mama akitaka kukata, au hata asubuhi, nakaa naye mezani, namwonyesha picha moja moja. Simu ya mama ni ya vitufe, haipokei picha, kwa hiyo picha zote zilikaa kwangu tu. Zikishakatwa, zinabaki humo humo. Uvivu tu ulinifanya nisizifute, si kitu kingine.

Zilikuwa picha mbaya kweli. Tepu ya njano, namba, na kidole gumba chenye ukucha wenye alama nyeusi, nyundo ilimpiga kabla sijazaliwa. Nyingine limeingia sikio. Nyingine nusu ya miwani. Nyingine mdomo wazi, katikati ya kusema "piga". Nyumba tulizipa majina ili tusichanganye, naye ndiye aliyekuwa anazitaja: nyumba ya mbwa mnafiki, nyumba ya mama wa marashi, nyumba ya ngazi za kuua mtu. Kuna picha ukiiangalia unasikia kabisa jina la nyumba.

Lakini mimi nilikuwa siziangalii.

*

Siku nilipozifuta tulikuwa kwenye jengo la ofisi, ghorofa ya pili. Madirisha thelathini na sita, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Vyumba vitupu, vinanuka rangi, ukikohoa sauti inakurudia. Dirisha la tano, nimechomeka ncha, nimeshuka, mjomba kaweka kidole.

"Mia mbili na sita. Piga."

Nikabonyeza. Simu ikaniandikia: nafasi imejaa.

"Piga basi."

"Imejaa."

"Imejaa nini?"

"Picha."

"Za nani?"

"Za watu."

"Watu gani wanaokuja kujaa kwenye simu ya fundi mapazia?"

Ningemwambia ainuke akae. Kulikuwa na ndoo ya rangi palepale, angeigeuza akakalia. Sikumwambia. Mimi nikiwa na haraka huwa naona dunia nzima iko sawa mradi mimi niko mbioni. Nikadhani ni dakika moja.

Nikaanza na takataka za magrupu. Maua ya asubuhi njema, watoto wa kizungu wamelala na paka, video za watu wanaanguka kwenye harusi. Nikafuta kwa mkupuo. Nikajaribu kupiga, bado imejaa. Hapo simu yenyewe ikaniletea ushauri, mjanja huyo: una picha mia tisa na kumi na nne zinazofanana, nyingi haziko wazi, ungependa kuzipunguza?

Nikazifungua. Vidole. Kidole, kidole, kidole, mpaka chini.

"Mjomba, unajua una vidole mia tisa humu?"

"Mimi? Ninavyo kumi tu."

"Gumba. Mia tisa na kumi na nne."

Akacheka, na alipocheka tepu ikatikisika, akakirudisha kidole palepale kwenye mia mbili na sita. "Sasa mimi mwenyewe nimo humo, au ni kidole tu?"

"Wewe haumo. Ni kidole tu."

Nilisema hivyo. Mdomo wangu huu.

"Basi futa," akasema. "Vya hapa vinatosha. Lakini fanya chapchap, Chapchap, hiki nacho kinakufa ganzi."

Sikutaka kupoteza nilizozipenda, kwa hiyo nikaanza kuweka alama ya moyo. Ukiiwekea moyo, simu haiigusi. Nikapita mbio mbio toka juu. Mimi na viatu vipya, moyo. Mimi juu ya pikipiki ya jamaa, moyo. Yule dada anayeuza juisi karibu na kituo, kageuka kidogo, hajui kama napiga, moyo. Mapazia yakiwa yametundikwa, yananing'inia vizuri, ya kuonyesha wateja, moyo, moyo, moyo. Mama kalala kwenye cherehani mdomo wazi, ya kumchekea, moyo. Moja ya kidole nayo nikaiwekea moyo, maana nyuma ya tepu, kwenye kioo cha dirisha, nilionekana mimi nimetoka kunyoa siku hiyo, na nilikuwa nimependeza hasa. Zikawa mia na kumi na mbili.

Halafu nikachagua zote zisizo na moyo. Simu ikauliza, una uhakika? Ndiyo. Ikasema zitakaa kwenye pipa siku thelathini kwanza, na mpaka hapo nafasi haijapatikana. Nani wa kusubiri siku thelathini, na mtu kapiga magoti? Nikaingia kwenye pipa, nikamwaga. Ikauliza tena: hutaweza kuzirudisha, una uhakika? Simu iliniuliza mara mbili. Mama yangu aliyenizaa haniulizi mara mbili.

"Tayari!" nikasema.

"Mia mbili na sita," mjomba akasema, kama ndiyo kwanza anaanza. "Piga."

Nikapiga. Ilikuwa nyepesi, inafunguka kama mpya. Alipoinuka alishika ukuta kwanza, akakung'uta vumbi la magotini, akaniambia, "Siku nyingine ukitaka kufagia nyumba, niambie nitoke kwanza."

Madirisha manne ya kwanza tukayapima upya, maana nayo yalikuwa yamekwenda na pipa. Hata hivyo usafi huo ukanikolea. Kuanzia siku ile mama akishakata tu, nafuta na kumwaga pipa. Madirisha yote thelathini na sita ya ofisi yakaenda hivyo hivyo. Nikawa najisifu kabisa kwa wenzangu kwamba mimi simu yangu ni safi.

*

Wiki tatu baadaye, asubuhi, mjomba alikuwa amekaa kitandani kwake anafunga kamba za viatu. Mimi niko mlangoni nimeshabeba ngazi, nampigia kelele tunachelewa. Hajibu. Nikaingia. Kamba iko mkono wa kushoto, mkono wa kulia umelala juu ya goti kama si wa kwake. Akaniangalia. Mdomo upande mmoja ukashuka. Alitaka kusema kitu, kikatoka kitu kama maji yanayotafuta njia.

Kiharusi. Alikaa hospitali siku kumi na tisa. Aliporudi nyumbani mguu ulikuwa unaburuzika, mkono wa kulia umekufa, na maneno hakuna. Anaelewa, hilo lilionekana. Ukimwambia mzaha macho yanacheka. Lakini kinywa hakitoi. Anajaribu, shingo inakaza mishipa, halafu anaacha, anageukia ukutani. Mtu ambaye alikuwa hawezi kuvuka barabara bila kugombana na mtu.

Akawa anakuja dada mmoja wa mazoezi ya kuongea, mara mbili kwa wiki, mwembamba, ana mkoba mkubwa kumzidi. Alikuja na kadi zake zenye picha: mpira, tembo, ndizi, mwavuli. Anamwonyesha mjomba tembo. Mjomba anamwangalia tembo, halafu ananiangalia mimi kama kuniuliza, huyu ananionaje?

Mara ya tatu yule dada akafunga kadi. Akatuita sebuleni, mimi na mama.

"Maneno ya kufikiria yamefungiwa," akasema. "Lakini kuna yale mtu aliyoyasema kila siku bila kufikiria, mpaka yamezoea njia. Hayo mara nyingine yana mlango wake wa nyuma. Alikuwa anasema nini kila siku?"

"Kumgombeza huyu," mama akasema.

Dada akacheka. "Zaidi ya hapo."

"Namba," nikasema. "Za madirisha. Alikuwa anataja namba, kisha anasema piga."

"Kila siku?"

"Kila siku. Miaka mitano na mimi."

Uso wake ukafunguka. "Una picha zozote za hiyo kazi? Lakini si picha za wageni wala za sherehe. Picha za kazi yenyewe, mikono yake, vifaa vyake, mahali alipokuwa. Nyingi iwezekanavyo. Tungeanza nayo moja, tukapata neno, tukaenda ya pili. Kila picha ni mlango."

Mama akanigeukia, amefurahi kabisa. "Si unazo? Zile tunazokatia!"

Nikaigeuza simu kifudifudi mapajani. Masikio yalikuwa yamepata moto.

"Wewe. Si unazo?"

"Nilifuta."

"Umefuta ngapi?"

"Zote."

Mama akachukua kikombe cha yule dada ambacho kilikuwa bado na chai, akaenda kukiosha.

*

Nilikwenda kwa fundi simu, jamaa ana kibanda cha kioo, anaongea huku kabana skrubu kwa meno. Nikamweleza. Akaiunganisha na kompyuta yake, akaisoma, akaitoa.

"Pipa ulimwaga?"

"Nilimwaga."

"Halafu ukaendelea kupiga picha nyingine?"

"Nilikuwa kazini, ningefanyaje?"

"Basi ulijenga juu yake, kaka. Ungekuja siku ileile hujagusa kitu, labda. Na ungeziweka hata kwenye kadi ndogo tu, au ungezituma kwenye barua pepe yako. Zilikuwa za nini, harusi?"

"Za kidole."

Akatoa skrubu mdomoni. "Kidole cha nani?"

Niliondoka. Ningebaki pale ningempiga ngumi, na yeye hana kosa.

Zilibaki mia na kumi na mbili. Nikazipeleka kwa mjomba, dada wa mazoezi amekaa pembeni na daftari lake. Tukampa mto mgongoni. Nikaanza.

Mapazia ya nyumba ya mbwa mnafiki, yamenyooka kama askari kwenye gwaride. Mjomba akayaangalia. Hakuna. Mapazia ya mama wa marashi, ya zambarau. Hakuna. Ndipo nikakumbuka, yeye hajawahi kuyaangalia mapazia yakishatundikwa. Nikiwa napiga picha za kujisifu, yeye huwa ameshaanza kukusanya vifaa, yuko mlangoni anauliza drili iko wapi. Kazi yake yeye iliisha kwenye namba.

Mimi na viatu. Mimi na pikipiki. Dada wa mazoezi akakohoa kidogo.

"Huyu ni nani?" akauliza, ilipofika ya muuza juisi.

"Hahusiki," nikasema, nikapitisha.

Mimi tena. Mimi. Mama kalala kwenye cherehani: hapo macho ya mjomba yalicheka, lakini maneno hayakuja. Nikawa napitisha kwa kasi, natamani ziishe, jinsi nilivyojaa humo ndani, mimi kila mahali, kama kibanda cha kinyozi chenye vioo pande zote.

Ikatokea ile ya kidole. Nilitaka kuipitisha nayo. Mkono wa kushoto wa mjomba ukanishika kifundo cha mkono.

Akaiangalia muda mrefu. Tepu ya njano. Ukucha wenye alama nyeusi. Mimi nyuma kwenye kioo, nimenyoa, nimejitengeneza sura. Akasogeza uso karibu. Shingo ikakaza mishipa, mdomo ukaenda huku na huku, nikajua ataacha kama siku zote.

"Mia," akasema.

Dada akasimama.

"Mia na sitini na nne."

Ilitoka safi. Sauti yake ileile, ya magotini, ya mtu anayetaka ukamilishe umwache ainuke. Mama alikuwa jikoni, akaja mbio na mikono ya unga, akasimama mlangoni. "Nani kasema? Kaka, ni wewe?"

"Mia na sitini na nne," mjomba akamwambia mama.

Tulilia wote, hata yule dada, na yeye amelipwa.

"Nyingine," akaniambia, anafuta macho. "Haraka, akiwa bado moto. Nipe nyingine kama hiyo."

Nikaishika simu. Nikapitisha moja. Mimi kwenye ngazi, nimevua shati. Nikapitisha nyingine. Mimi.

"Hakuna nyingine," nikasema.

*

Hiyo ndiyo ikawa hali. Alipata neno moja, na neno lenyewe ni mia na sitini na nne. Akitaka maji, mia na sitini na nne. Akitaka kuvuta shuka, mia na sitini na nne. Mama akichelewa kumgeuza, mia na sitini na nne kwa hasira, na hapo unaelewa kabisa kuwa ni tusi. Dada wa mazoezi alisema si mbaya, kuna wanaoanzia kwenye moja. Lakini nilimwona akiandika kwenye daftari lake, halafu anasita, kalamu iko hewani. Nilihesabu kichwani madirisha mia tisa na kumi na tatu ambayo angeweza kuyasema. Nyumba ya mbwa mnafiki peke yake ilikuwa na tisa.

Nikamwambia mama, "Kwa nini na yeye hakuwa anaandika? Angalau tungekuwa na maandishi yake. Si anajua kuandika vizuri tu."

Mama alikuwa anapiga pindo. Akasimamisha cherehani kwa kiganja.

"Alikuwa na daftari," akasema. "Miaka yote kabla yako. Kila dirisha, kila nyumba, mwandiko kama wa karani. Hata ulipoanza wewe, vikaratasi vyako alikuwa anavinakili humo usiku, umeshalala. Siku ile ya kaptula ya nesi alikuja hapa, akaliweka kwenye kabati langu. Nikamwambia, kaka, utafanya kazi bila daftari? Akasema, nikiandika mimi, mtoto atajiona hajui. Acha tupige picha wote, tuwe sawa."

Akaendelea kushona. Mimi nikasimama pale na jora begani, sikujua niliweke wapi.

Daftari tulilitoa. Kurasa za mwanzo zimejaa, mistari imenyooka, halafu tarehe ya ile siku ya nesi, halafu weupe. Dada wa mazoezi alijaribu kumsomesha mjomba namba zake mwenyewe. Aliziangalia kwa adabu tu. Maandishi hayakuwa na mlango.

Nikaamua kurudi kwenye nyumba. Nilikwenda kwa mama wa marashi, nikamwomba niingie nipime dirisha lake upya. "Kwani pazia limepungua?" akauliza. Nikamweleza. Akanifungulia, akafungua pazia lenyewe kwa mkono wake. Nikapanda, nikachomeka ncha, nikashuka, nikabana kwa kidole changu, nikapiga kwa mkono mwingine. Tepu ilichomoka mara mbili ikanirukia usoni. Kwa nesi mstaafu, yeye mwenyewe alijitolea kunibania, na akasema ile kaptula anaikumbuka, na kwamba mjomba alirudi peke yake siku ya pili kumwomba radhi, akamwambia kosa lilikuwa la kwake, alisoma vibaya.

Nilimpelekea nyumba saba. Picha arobaini na tatu. Mjomba akaziangalia zote, akagusa kioo cha simu pale kilipo kidole changu, ukucha safi, hauna kitu. Akageukia ukutani.

*

Jana dada wa mazoezi hakuwa na zamu. Mchana mama alikwenda kupeleka mapazia, nikabaki na mjomba chumbani. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha lake la barabarani. Ni dirisha dogo, na siku zote limekuwa na kipande cha shuka tu. Mafundi mapazia, na chumba cha mkubwa wetu hakina pazia. Hatukuwahi hata kulipima.

Nikaenda kuchukua tepu. Nikapanda kitandani, nikachomeka ncha kwenye msumari unaoshika ile shuka, nikaivuta mpaka kwenye kizingiti. Halafu nikauchukua mkono wake wa kulia. Ulikuwa na joto, hilo sikuwa nimelitegemea. Nikakiweka kidole gumba juu ya namba. Kikateleza. Nikakirudisha. Kikateleza. Nikapiga magoti chini ya dirisha, nikakishikilia kwa chini na mkono wangu. Sijawahi kupiga magoti pale mahali pake. Sakafu ngumu, bwana. Dakika mbili tu nikaanza kutafuta pa kuegemea.

"Mia na kumi na nane," nikamsomea. "Mjomba. Mia na kumi na nane."

Akaiangalia tepu. Akauangalia ukucha wake. Akanishushia macho mimi niliyepo chini.

"Mia na sitini na nne," akasema.

"Na kumi na nane. Angalia."

"Mia na sitini na nne." Mdomo ukaendelea kutembea, unatafuta. Upande uliolala ukajikunja. Nikataka kumwambia aache, apumzike.

"Piga," akasema.

Nikaitoa simu kwa mkono uliobaki. Haikuuliza kitu, haikuniambia imejaa. Nikapiga moja, nikapiga nyingine, na nyingine, namba si ile anayoitaja, nusu ya goti lake imeingia, sikio langu limeingia, zote hazina mpango. Sikuweka moyo popote. Kidole kilikuwa kinateleza tena, nikakirudisha, na yeye akawa ananiangalia, anasubiri niseme tayari.

Sikusema.